Jukwaa au picha: mbunifu mchanga aanzie wapi?

Mbunifu wa mitindo anayeanza hukutana na swali hili mapema. Ameshona mavazi kumi, pengine kumi na mawili, na amebakiwa na fedha kidogo ya kuyatangaza. Aitie kwenye onyesho la jukwaani, au aitie kwenye picha? Kwa vyote viwili haitoshi. Wapo wanaomwambia bila jukwaa hakuna jina, kwa kuwa watu wa mitindo hawamtambui mtu mpaka wameona kazi yake ikitembea. Wapo pia wanaomwambia jukwaa ni anasa ya waliokwisha fika, na kwamba siku hizi picha ndiyo duka. Kila upande una hoja nzito. Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo pande zote mbili hulipita haraka mno, nalo ni yanayotokea baada ya makofi na baada ya picha kusambaa.

Tuanze na jukwaa, maana linastahili heshima yake. Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyefungua nyumba ya mitindo Paris mwaka 1858, anatajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kuwavisha wanawake mavazi yake ili wateja wayaone yakiwa mwilini. Biashara yake ilielewa jambo ambalo halijabadilika: nguo hukamilika mtu akiivaa na kutembea. Gauni lililokatwa mshazari likitundikwa kwenye henga huonekana limelegea, halina umbo. Mvaaji akipiga hatua tatu, kitambaa kinaufuata mwili, kinauacha, kinaurudia. Picha moja haiwezi kuonyesha hayo.

Mfano unaopendwa sana na watetezi wa jukwaa ni wa John Galliano, mbunifu Mwingereza. Machi 1994 alikuwa hana fedha. São Schlumberger, mwanamke tajiri mpenda mitindo, akamwazima jumba lake la Paris lililokuwa tupu, na wanamitindo wenye majina makubwa, Kate Moss na Naomi Campbell wakiwemo, wakatembea bila malipo. Mavazi yalikuwa machache, mengi yakiwa meusi. Mwaka uliofuata Galliano aliteuliwa kuongoza ubunifu katika nyumba ya mitindo ya Givenchy, Paris, na 1996 akahamia nyumba nyingine kubwa ya huko, Dior. Kwa hiyo ni kweli, onyesho moja linaweza kubadili maisha ya mtu.

Lakini tuusome mfano huo mpaka mwisho. Galliano alihitimu chuo mwaka 1984, na mavazi ya mahafali yake yalinunuliwa yote na duka la Browns la London. Alipoingia kwenye jumba lile alikuwa na miaka kumi ya kukata na kushona mgongoni, akiwa ameshafilisika na kuinuka. Alijua kitambaa kitafanya nini kabla mkasi haujakigusa. Tena aliyemwazima jumba na waliotembea jukwaani kwa ajili yake bila malipo walikuwa watu waliokwisha kumjua kwa miaka. Kumpa kijana aliyemaliza mafunzo jana mfano huo ni kumwonyesha mavuno bila kumwonyesha shamba.

Na gharama zenyewe zinatisha. Onyesho la kawaida huchukua dakika kumi hadi kumi na tano. Kwa dakika hizo unalipia ukumbi, taa, muziki, wapambaji wa nywele na sura, wanamitindo, na watu wa kuvalisha nyuma ya pazia, ambako mwanamitindo hubadilishwa gauni kwa sekunde chache huku mwingine akimfunga viatu. Wapo pia waandaaji wanaowatoza wabunifu wachanga ada ya nafasi, kwa ahadi kwamba wataonekana. Hapa naomba niseme wazi. Kabla ya kulipa, mbunifu aulize ni wanunuzi gani wa maduka waliohudhuria mara iliyopita, na ni nani kati ya walioonyesha aliyepata oda. Jibu likiwa ni habari za idadi ya watazamaji tu, fedha hiyo ina kazi nyingine.

Sasa picha. Nguvu yake ni kwamba haiishi usiku mmoja. Mbunifu anachagua mwanga, anachagua sura, anarudia mpaka apate anachokitaka, kisha anaituma kwa gazeti, kwa duka na kwa mteja aliye mbali.

Udhaifu wake unauona ukizunguka nyuma ya mwanamitindo siku ya kupiga picha. Kwa mbele koti limemkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Kwa nyuma limebanwa kwa klipu tano kuanzia shingoni mpaka kiunoni, pindo limeshikwa kwa gundi ya karatasi, na bitana haijashonwa bado. Kamera haifiki huko. Kubana nguo kwa klipu ni kazi ya kawaida ya studio na hakuna ubaya wowote ndani yake. Hatari ni mbunifu kuiamini picha kuliko koti. Mteja atakayeagiza hataletewa klipu.

Ufaransa, tangu Oktoba 2017, picha ya kibiashara ambayo umbo la mwanamitindo limepunguzwa au kuongezwa kwa kompyuta lazima iandikwe kwamba imerekebishwa. Ni sheria nzuri, ila inalinda ukweli wa mwili. Ukweli wa nguo umeachwa mikononi mwa mbunifu mwenyewe.

Tena kuna picha na picha. Zile za kupangiliwa na stailisti, yaani mtu anayepanga mavazi na mapambo ya picha, zenye mandhari, vito na viatu vya kuazima, hujenga hisia ya jina. Zile za katalogi, ukuta mweupe, mbele, nyuma na ubavu, ndizo mnunuzi wa duka anazozihitaji ili aone mshono uko wapi na urefu unaishia wapi. Wachanga wengi humaliza fedha yote kwenye zile za kwanza. Halafu unakuta stailisti amefunga mkanda mpana kiunoni, na mkanda huo umefunika mkato ambao mbunifu aliukeshea wiki nzima. Picha imependeza sana, lakini anayeitazama hajui anauziwa nini. Ningekuwa na fedha ya siku moja tu ya studio, asubuhi yote ningeipa katalogi.

Suala la kunakiliwa nalo linagusa pande zote mbili. Maduka ya mavazi ya bei nafuu yanaweza kutoa nakala ndani ya wiki chache, wakati kwa kalenda ya kawaida mavazi ya jukwaani hufika madukani takriban miezi sita baadaye. Mchanga anayeonyesha mapema mno anawapa wengine mwanya wa miezi. Umoja wa Ulaya hulinda muundo usiosajiliwa kwa miaka 3 tangu ulipoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza ndani ya Umoja huo, hivyo tarehe ya onyesho au ya picha ni ushahidi unaofaa kutunzwa. Marekani, mkato wa nguo kwa kawaida haulindwi na hakimiliki. Na hakimiliki ya picha yenyewe, katika nchi nyingi, huwa ya mpiga picha isipokuwa mkiandikiana vingine. Mbunifu anaweza kujikuta hana ruhusa ya kutangazia nguo zake kwa picha ya nguo zake.

Kati ya kambi hizi mbili amepita mbunifu Anifa Mvuemba, mzaliwa wa Nairobi mwenye wazazi Wakongo, anayefanyia kazi Marekani. Mei 2020, wakati kumbi zimefungwa kwa sababu ya korona, alionyesha mavazi ya lebo yake ya Hanifa moja kwa moja kwenye Instagram kwa teknolojia ya 3D, yaani picha za kompyuta zinazoonekana kama vitu halisi vyenye kina. Gauni zilitembea zenyewe kwenye giza, miili haionekani, na bado uliona nyonga ikipinda na pindo likirushwa. Ulimwengu wa mitindo ulisimama kutazama. Kinachosemwa kidogo ni kwamba wakati huo alikuwa na wateja aliokuwa akiwauzia mtandaoni kwa miaka, na kwamba onyesho lake la kwanza la ana kwa ana, mjini Washington, lilikuja Novemba 2021, takriban miaka kumi baada ya kuanza. Alijenga ushonaji na wateja, kisha akapanda jukwaani.

Hata tuzo ya LVMH, kampuni kubwa ya Ufaransa ya bidhaa za anasa, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa kwa wabunifu wachanga, haimpimi mtu kwa jukwaa. Wanaofika nusu fainali hualikwa Paris na kusimama kando ya mavazi yao yaliyotundikwa, wakiwaeleza wataalamu wanaopita, wanaoshika kitambaa na kugeuza mshono. Thebe Magugu wa Afrika Kusini alishinda mwaka 2019, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, na zawadi ilikuwa euro 300,000 pamoja na mwaka mmoja wa kulelewa kibiashara. Sehemu ya malezi ndiyo inayonivutia zaidi, maana wachanga wengi hukwama hapo.

Tuseme onyesho limefana, au picha zimesambaa, na duka limeagiza magauni mia mbili. Mbunifu anapaswa kununua kitambaa kwa fedha taslimu, kwa kiwango cha chini ambacho kiwanda kinakubali kuuza. Anatakiwa kugeuza sampuli ya saizi moja kuwa saizi tano au sita, na gauni lililompendeza mwanamitindo mrefu mwembamba halitanuki lenyewe likamkaa kila mtu. Mafundi wanadai mshahara kila wiki. Duka, kwa desturi ya biashara hii, mara nyingi hulipa siku thelathini au zaidi baada ya kupokea mzigo. Lebo nyingi changa zimekufa zikiwa na oda mkononi, na hilo linauma kuliko kukosa oda kabisa.

Ndiyo maana naegemea picha kwanza, kwa sharti kwamba nguo iliyopigwa iwe imemalizika ndani na nje, na mbunifu ajue gharama ya kuishona mara hamsini. Jukwaa nalo halihitaji kusubiri miaka kumi. Chumba chenye mwanga wa dirisha, mavazi kumi, wanunuzi na wahariri ishirini walioketi karibu kiasi cha kugusa pindo, kinamfundisha mbunifu mambo ambayo studio haitamfundisha: zipu inayokwama, mkono unaobana mtu akiinua bega, kitambaa kinachopiga kelele kikisuguana.

Na wanamitindo walipwe. Kupeana kazi kwa picha, yaani mwanamitindo kupewa picha badala ya fedha, ni mapatano ya haki pale ambapo wote wanaanza na wote wanazipata hizo picha. Mbunifu akishauza nguo, au mwandaaji akishatoza kiingilio, mtu aliyesimama kwa muda wa saa tisa kwenye viatu visivyo vyake anadai fedha. Jimbo la New York limeanza kutekeleza Juni 2025 sheria inayowalinda wanamitindo, na ndani yake ipo kanuni kwamba mfano wa kidijitali wa mwanamitindo hautumiki bila ridhaa yake ya maandishi. Bajeti isiyoweza kuwalipa inakuambia mavazi kumi yawe sita.