Dawa ya kuongeza damu, na mwili unaokataa chuma

Mama aliyewahi kumpa mtoto dawa ya kuongeza damu anaijua rangi ya choo cha kesho yake: cheusi tii, kama masizi ya sufuria. Si cha kuogopwa. Weusi ule ni chuma ambacho utumbo haukukichukua. Ila zipo nyakati mwili hukikataa kwa makusudi, na hapo ndipo unapoanzia ubishi wa kama mtoto apewe dawa hii au la.

Vimelea vikiingia, chembe za kinga hutoa intaleukini-6, kemikali ya kupiga mbiu mwilini, nalo ini hujibu kwa kutoa homoni ya hepsidini. Homoni hii hufunga feropotini, mlango pekee wa chuma kutoka ndani ya seli kuingia kwenye damu. Makrofaji, seli zinazokula chembe nyekundu zilizozeeka, hurudisha kwenye damu ya mtu mzima miligramu 20 hivi za chuma kila siku. Chakula huleta moja au mbili tu. Mlango ukifungwa, chuma cha kwenye damu hushuka ndani ya saa chache, na bakteria waliomo humo hubaki na njaa.

Wanaosema tusiuingilie mpango huu wana ushahidi wa nyumbani. Huko Pemba, watoto zaidi ya 24,000, wa kuanzia mwezi mmoja hadi miezi 35, waliingizwa kwenye jaribio la chuma na asidi ya foliki. Agosti 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yalisimamishwa: kulazwa na vifo vilikuwa vimezidi kwa asilimia 12 kuliko kwa wasiopewa. Nako Kenya, watoto wachanga waliochanganyiwa chuma kwenye uji walionekana kuwa na bakteria wabaya zaidi tumboni, pamoja na dalili za utumbo kuwaka. Kile cheusi cha kwenye nepi kilikuwa kinamlisha mtu mwingine.

Hata hivyo, wanaotumia Pemba kuipinga dawa yenyewe huisoma nusu. Kulikuwa na kikundi kidogo kilichofuatiliwa kwa karibu, watoto wakipimwa na kutibiwa malaria. Humo, waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika na dawa. Tena kinga yenyewe hula chuma. Seli T, askari mojawapo wa kinga, haziwezi kugawanyika kwa wingi bila hicho. Watu waliozaliwa na hitilafu kwenye kipokezi kinachoingiza chuma kwenye seli hupata upungufu mkubwa wa kinga. Kenya hiyohiyo, watoto waliopewa chuma kipindi cha chanjo ya surua walikuwa na kingamwili bora za surua walipokaribia mwaka mmoja.

Mimi siuoni mpango wa mwili kuwa na hekima kiasi hicho. Chuma kilichofungiwa kimefungiwa wapi? Ndani ya makrofaji, na humo ndimo wanamojificha bakteria wa homa ya matumbo na wa kifua kikuu. Unamnyima mwizi wa barabarani huku ghala lako liko chumbani kwa mwizi mwingine.

Shirika la Afya Duniani linaruhusu chuma kwenye maeneo ya malaria, mradi kiende sambamba na kinga, vipimo na matibabu ya malaria. Ni sawa, ila ugumu uko mezani kwa muuguzi. Anafunua kope la chini la mtoto na kuona weupe. Haoni kama chuma kimeisha au kimefungiwa. Hata feritini, kipimo cha akiba ya chuma, hupanda mwili unapowaka, ndiyo maana kwa mtoto wa chini ya miaka mitano kiwango cha kutilia shaka hutoka mikrogramu 12 kwa lita hadi 30 akiwa mgonjwa. Na zahanati ngapi za vijijini zinapima feritini?

Hapo naegemea jaribio la Uganda, ambako watoto wenye malaria walitibiwa kwanza, kisha baadhi wakaanzishiwa chuma baada ya siku 28. Kufikia siku ya 56 damu yao ilikuwa imepanda sawa na ya walioanza mara moja, na chuma kiliingia vizuri zaidi. Anayepinga atauliza: mama akiambiwa arudi mwezi ujao, atarudi? Wengine hawatarudi. Ndiyo maana ningeiandika tarehe hiyo kwenye kadi ya kliniki, ikiwezekana siku moja na chanjo au kupima uzito, badala ya kumfungia vidonge leo mtoto akiwa bado anachemka.