Siku 30 za kurudisha bidhaa si mtaji wako

Kuna biashara inafundishwa sana mtandaoni, na wanaoifundisha wanaapa kwamba haina hasara. Unanunua jozi 20 za viatu vya toleo linalogombaniwa, unaviuza kwa bei ya juu, na vikidoda unavirudisha dukani kabla muda wa kurudisha haujaisha. Risiti unayo na maboksi hayajafunguliwa, kwa hiyo pesa yako inarudi yote. Hujaiba wala hujasema uongo, na duka lenyewe ndilo lililoandika kwamba mteja akirudisha ndani ya siku 30 atarejeshewa pesa zake.

Mimi naona si haki, na naona hivyo hata pale ambapo sheria haina la kumfanya mtu huyo.

Kwanza nitenge yale ambayo hayana mjadala. Kuvaa gauni usiku mmoja huku umeificha lebo kwapani kisha kesho ukalirudisha kama jipya, kuweka simu mbovu ya zamani ndani ya boksi la simu mpya, au kudai mzigo haukufika wakati umeukalia: huo ni utapeli, basi. Nchini Uingereza, sheria ya udanganyifu ya mwaka 2006 inaweza kumfunga mtu hadi miaka 10, na uongo wenyewe si lazima utamkwe. Ukiliweka boksi kaunta na ndani yake kuna kitu kingine, umeshadanganya hata kama hukufungua mdomo. Desemba 2023 kampuni ya Amazon ilishtaki kikundi kinachoitwa REKK, ikidai kwamba kilikuwa kikitoza watu ada ili kiwapatie marejesho ya pesa na bidhaa wabaki nazo. Tulipofika ni hapo: kurudishiwa pesa kumekuwa huduma ya kuuzwa.

Anayenisumbua zaidi ni yule wa viatu, kwa sababu yeye husema ukweli.

Utetezi wake una mahali unapovuja. Kisheria, katika nchi nyingi, duka halilazimiki kupokea tena kitu kizima eti kwa sababu tu mnunuzi amebadili mawazo. Sheria humlinda mtu aliyeuziwa kibovu. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 2015 inampa siku 30 za kukikataa kitu chenye kasoro na kudai pesa yake yote. Kwa manunuzi ya mtandaoni, Umoja wa Ulaya, kwa maagizo yake ya mwaka 2011, unampa mnunuzi siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, maana hakupata nafasi ya kukishika kitu kabla ya kulipa. Lakini haki hiyo ni ya mlaji, yaani mtu anayenunua kwa matumizi yake nje ya biashara. Anayenunua ili auze hahesabiwi humo. Akidai siku 14 zile, anajifanya mtu ambaye siye, na hapo ule ukweli wake wote unaanza kuyumba.

Nje ya hapo kinachobaki ni ahadi ya duka. Ahadi hiyo ilitolewa kwa mtu anayenunua akiwa na wasiwasi: saizi ikikataa je, rangi isipomfaa mama je? Anaambiwa asihofu, achukue, akaone nyumbani. Mfanyabiashara wetu hana wasiwasi wa namna hiyo. Anachofanya ni kubeba faida na kumwachia mwenzake hasara, bila mwenzake kukubali kuwa mbia wake. Viatu vinaporudi msimu umeshapita, vinauzwa kwa bei ya kutupa, na wateja waliovitaka kwa bei ya kawaida walikuta rafu tupu.

Wengi watasema maduka makubwa yanajiweza. Yanajiweza kweli, ila mzigo hauishii kwao. Mwaka 2018 kampuni ya L.L.Bean ya Marekani, iliyosifika kwa kupokea bidhaa zake bila kikomo cha muda, iliweka mpaka wa mwaka mmoja pamoja na uthibitisho wa manunuzi. Ilieleza kwamba watu walikuwa wakidai pesa hata kwa vitu walivyonunua kwa watu wengine, kwenye mauzo ya vitu vilivyotumika yanayofanyika majumbani. Wateja waliokuwa wakiitumia ahadi ile kwa uungwana waliipoteza pamoja na wale walioichezea.

Tena mtazame mfanyakazi wa kaunta ya marejesho. Anainusa kola kutafuta manukato. Anakagua kama uzi wa lebo umefungwa upya. Anageuza kifaa alinganishe namba ya mgongoni na ile ya kwenye boksi, moja baada ya nyingine, huku foleni ikirefuka. Mama aliyeuziwa pasi isiyopata moto anasimama mbele yake na kuulizwa maswali kama mtuhumiwa. Mama huyo ndiye anayelipa ujanja wa mtu asiyemjua.

Maduka nayo yana lawama yao, tena si ndogo. Kutangaza "rudisha wakati wowote" kwa herufi kubwa ili kuvuta watu, kisha kuwapima wateja kwa siri kwa programu inayoamua nani amerudisha kupita kiasi, si uungwana. Mtu anayenunua saizi mbili ili abaki na moja hajakosea kitu, na hastahili kufungiwa akaunti bila kuelezwa. Kama kuna kikomo, kiandikwe. Kama bidhaa ya kuuza tena hairudishwi, iandikwe hivyo kwenye risiti, na idadi kwa kila mteja iwekwe mapema.

Na huyu ndugu wa viatu, kama kweli anaamini biashara yake ni safi, njia anayo. Aende kwa mwenye duka aombe mali kauli: achukue mzigo, auze, alipie alivyouza na kurudisha vilivyododa. Mwenye duka atajua anachokibeba, atapanga bei na muda wake, na akitaka atakataa. Tofauti na anachofanya sasa ni kwamba huko kwanza lazima aombe.