Nenda Kanyoe Kwanza

Mwezi uliopita nilikaa zaidi ya saa nzima kwenye benchi la ofisi moja ya serikali ya mtaa hapa Dodoma, nikisubiri barua ya utambulisho. Mbele yangu alikuwa kijana wa bodaboda, rasta zimefika mabegani, hereni sikio moja. Vyote alikuwa navyo: namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, picha mbili, jina la balozi wake wa nyumba kumi. Akaamkia vizuri. Mwenyekiti akamtazama kichwani, si kwenye karatasi. "Nenda kanyoe kwanza, halafu urudi tuongee." Kijana akajibu, "Sawa, baba," akatoka. Mzee aliyekaa pembeni yangu akaunga mkono: "Sikio halizidi kichwa."

Nilimgeukia. Ndewe zake zilikuwa zimening'inia, kila moja ina tundu la kupitisha kidole gumba.

Wazee wana hoja, tusiwafanye vituko. Mtoto akipaka nywele bichi, anayeulizwa kwenye jumuiya au msikitini ni baba yake. Suruali ya mlegezo inayoacha chupi nje mbele ya watu wazima hata mimi siitetei, na mwajiri akitaka sare, avae sare. Kinachonikwama kooni ni lile neno "si mila zetu", hasa likisemwa Ugogoni. Vijana wa Kigogo wa zamani walisuka nywele nyuzinyuzi, wakazipaka mafuta na udongo mwekundu. Masikio walitoboa na kuyavuta mpaka yakabeba vijiti na vikopo vya ugoro. Mvumbuzi Mwingereza Richard Burton alipopita hapa mwaka 1857, masikio hayo ni kati ya mambo aliyoyaandika. Waliowaambia Wagogo kwamba mtu mstaarabu hafanani hivyo walikuja baadaye, na shule zao na mikasi yao.

Taifa huru nalo lilishika mkasi. Mwishoni mwa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1, 1969 sketi fupi, mawigi, mikorogo na suruali za kubana zikawa marufuku. Haikupita miaka mingi, miji ikajaa suruali za bugaluu, viatu vya raizoni na afro za kuchomekwa kitana. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1975 leo ana sabini na kitu. Fungua albamu yake ya picha, kama atakuruhusu.

Nadhani tatizo halisi si nywele. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 katika sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ikahesabu 3,085,625. Milioni moja zaidi ndani ya miaka kumi! Zamani kijana akifuga nywele, watu walisema tu, "mtoto wa fulani siku hizi kawaje," yakaishia hapo, kwa sababu fulani alijulikana, na shamba lake, na tabia za ukoo wake. Leo mwenyekiti anaongoza mtaa wa wageni watupu. Anatakiwa kugonga muhuri kwamba anamfahamu mtu ambaye hajawahi kumwona. Ameshika nini mkononi cha kumpima? Nywele. Namwelewa kabisa, lakini kipimo chake kibovu. Aliyeniuzia kiwanja kilichokuwa na mwenyewe alivaa koti na tai, na viatu vinang'aa vumbi lote hili la Dodoma.

Na barua ile si karatasi ya kuchezea. Bila barua ya mtaa, dhamana ya ndugu yako inakwama, maombi ya kitambulisho yanakwama, ajira ya ulinzi inakwama. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, inaanzia hapohapo mtaani: kikundi lazima kijulikane. Kikundi cha watu watano chenye rasta mmoja kinaanza kunong'onezana, mwishowe huyo mmoja anaombwa ajitoe kwa hiari. Hakuna aliyemkatalia kwa maandishi, kwa hiyo hana pa kukata rufaa. Vijana wa miaka 15 hadi 35 ni zaidi ya theluthi moja ya Watanzania. Wangapi wamegeuzwa mlangoni namna hii, hakuna daftari linaloandika.

Wiki iliyofuata nilimkuta yule kijana kijiweni kwake, karibu na Sabasaba. Amenyoa upara, kichwa bado kina mstari mweupe pale jua halikuwa limefika. Barua alishapata. Tukiwa tunaongea akapita mama mmoja na kapu la mchicha, akasimama, akaangaza pikipiki moja baada ya nyingine.

"Yule Rasta wangu wa kila siku yuko wapi? Yeye ndiye huwa namwachia mzigo na hela."

Alikuwa anamuuliza yeye.