Alisema hana dini, tukamzika kwa talakini

Nesi alikuwa na fomu iliyopigwa fotokopi mpaka mistari imeanza kufifia. Jina, umri, mtaa, kazi. Alipofika kwenye "Dini", baba mdogo, aliyekuwa anahema kwa tabu, akajibu mwenyewe: "Hamna." Nesi akainua macho, asimtazame yeye, akanitazama mimi. Kofia yangu ya viua ikamtosha kuwa jibu. Akaandika "Islam", akaendelea na namba ya simu ya ndugu wa karibu.

Siku ile niliona ni jambo dogo. Nesi ana wodi nzima inamngoja, na mimi nilikuwa nahangaika na risiti za dawa. Lakini huu ni mwaka wa pili tangu tumzike, na kila nikisikia watu wakibishana kama Mungu yupo au hayupo, mawazo yangu yanarudi kwenye fomu ile.

Niseme mapema: mimi naswali. Ijumaa sikosi, Ramadhani nafunga, nikipita makaburini natoa salamu. Simtetei asiyeamini kwa kuwa na mimi nimo chamani. Ila nimekaa na mmoja miaka yote ya utu uzima wangu, nikamlisha uji, nikamwosha maiti, na nimeona kwamba huku kwetu pwani mtu anaweza kuishi bila dini lakini hawezi kufa bila dini. Ukiwa hai tutakuita mbishi, kisomo kimekuzidi, umeharibika. Ukifa tu, tunakurudisha zizini bila kukuuliza, tena kwa mapenzi makubwa.

Baba mdogo alikuwa fundi kwenye karakana ya reli Tanga mpaka alipostaafu, na nyumba yake ilikuwa Ngamiani. Hakuwa na ugomvi na msikiti. Choo cha madrasa ya mtaani kilipojengwa alichanga, na mabomba akayafunga kwa mkono wake. Ramadhani hakula mbele za watu. Alisema si adabu kumtafunia mtu aliyefunga. Idd ikifika, pilau aliila kuliko sisi tuliofunga. Lakini ukimuuliza alikujibu bila kupandisha sauti: sioni dalili ya Mungu, na nikifa nimekwisha. Watu wakasema hayo kayapata Ulaya. Ulaya gani? Mbali kabisa alikowahi kufika ni Voi, kufuata injini iliyokwama.

Kijiweni walipenda kumchokoza, naye alipenda kuchokozwa. Akiulizwa kuhusu kuzimu, alisema kuzimu si mahali, ni taa. Taa ikizimwa huulizi mwanga umehamia mtaa gani. Nilimwambia kwamba wataalamu wa lugha wanalihusisha neno hilo na mzimu, roho ya aliyekufa, wala halina uhusiano na swichi. Akacheka: "Basi hao wataalamu hawajawahi kukatikiwa umeme."

Hoja yake nyingine ilikuwa hii: mwaka 1930 ulikuwa wapi? Uliumwa? Ulilia? Basi mwaka 2130 utakuwa hapohapo. Nilidhani ni yake mwenyewe mpaka nilipokuja kusoma kwamba Lucretius, mshairi wa Kirumi, aliitunga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita akifuata mafundisho ya Mgiriki Epikuro. Sikumwambia, maana angevimba kichwa. Na mpaka leo hoja hiyo hainikati kiu. Kabla sijazaliwa sikuwa na mtu wa kumwacha. Sikuwa nimeahidi kumpeleka mtoto shule, sikuwa na deni la mtu wala mke aliyezoea sauti ya mlango nikirudi. Kutokuwepo kwa kwanza hakukunipokonya kitu. Huku kwa pili kunapokonya. Alipojaribu kunituliza kwa mwaka 1930 nilimwambia hivyo, akanyamaza kidogo, akasema, "Hapo umenipata, mwanangu," akasogeza kete kwenye bao.

Hoja aliyoichukia kuliko zote ni ile ambayo kila kijiwe kinaijua: mimi nikiamini na Mungu asiwepo, nimepoteza nini? Wewe usipoamini na akawepo, umekwisha! Pascal, mwanahisabati wa Ufaransa wa karne ya 17, aliiandika. Kijiweni hakuna aliyemsoma, na hakuna asiyeijua. Baba mdogo aliiita imani ya mkeka, ule wa kubeti mechi. Unatupia buku, ukibahatika umetoka. Halafu anauliza: kwenye mkeka wako kuna mechi ngapi? Mkristo ameweka kwake, Mwislamu kwake, Mhindu kwake, na kila mmoja anakuambia wenzake wamechana mikeka. Hapa nilikuwa upande wake, na bado nipo. Mungu ninayemsujudia anajua yaliyomo vifuani. Atashindwaje kujua kwamba nimemwekea dau?

Na ile ya "asiyeogopa kiyama ataogopa nini" nayo imenichosha. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watu waliofunga kula wakitarajia kumfikia Yesu, na watoto wamo. Wale hawakupungukiwa imani ya ahera. Sisemi kuamini ndiko kulikowaua. Nasema hofu ya kesho ya huko, peke yake, haimfanyi mtu kuwa mwema wala kuwa salama, na baba mdogo alirudisha chenji iliyozidi bila kuhitaji moto wa kumtisha.

Kenya wenzetu wamejaribu kulisema hili hadharani. Chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa Februari 2016; Aprili mwaka huohuo usajili ukasimamishwa kwa maelezo kwamba umma una wasiwasi na amani na utulivu. Wakaenda mahakamani kudai haki yao. Katika sensa ya 2019 watu zaidi ya 755,000 waliwekwa kwenye safu ya wasio na dini. Na Mei 2021 katibu wa chama hichohicho akajiuzulu akisema amempata Yesu Kristo. Watu walicheka sana. Mimi kilichonivutia ni kwamba mwenyekiti wake alitangaza habari hiyo mwenyewe na kumtakia kila la heri. Nikajiuliza, imamu wetu akija kutangaza kwamba mwadhini kaacha dini, tutamtakia heri?

Tanzania hatuna hata hesabu. Swali la dini liliondolewa kwenye sensa baada ya ile ya 1967, na tumelelewa kwenye ule usemi kwamba serikali haina dini ila watu wake wanazo. Ni usemi uliotusaidia kuishi pamoja, siubezi. Lakini usikilize kwa makini: watu wake wanazo. Wa "hamna" hayumo.

Ukifa ndiyo kabisa, maana maiti si mali ya aliyekuwa akiishi ndani yake. Wakenya wa rika fulani hawajasahau kesi ya S.M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alisema mume alitaka kuzikwa karibu na Nairobi walikoishi. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Mwili ukakaa mochwari miezi mitano huku mawakili wakivutana, na Mei 1987 ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Wapo walioheshimiwa: Wangari Maathai mwaka 2011 alichomwa badala ya kuzikwa, jeneza lake likiwa la mianzi, magugu maji na mafunjo, kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Lakini huyo alikuwa Wangari Maathai. Fundi mstaafu wa Ngamiani anaacha wosia kwa nani?

Baba mdogo hakuacha wosia wowote. Tulimwosha watu watatu, chumba kikinuka karafuu maiti na udi. Mikono yake ndiyo iliyonishinda. Grisi ilikuwa imeingia kwenye mistari ya viganja miaka mingi, na baada ya kustaafu hakuacha kufungua pampu za maji za majirani, kwa hiyo tulisugua kwa sabuni na limau na bado ikabaki. Mzee aliyekuwa anatuongoza akasema, "Mwacheni, atakwenda na kazi yake."

Makaburini, tulipokwisha kumlaza kwenye mwanandani, mbao zikapangwa na udongo ukafukiwa, maalim akachuchumaa upande wa kichwani ili asome talakini, maneno ya kumkumbusha maiti majibu ya maswali ya kaburini. Hapo ndipo ukazuka ubishi. Vijana wa suruali za juu ya kifundo wakasema talakini ni bidaa, Mtume hakuifanya. Wazee wakasema sisi ni wa madhehebu ya Shafii, tumewakuta babu zetu wakiisoma. Dalili zikatolewa, sauti zikapanda, mtu mmoja akataja kitabu, mwingine akasema huyo hajui Kiarabu cha kitabu hicho. Robo saa nzima. Watu zaidi ya mia wanabishana marehemu asomewe nini, na hakuna hata mmoja, mimi nikiwemo, aliyetaja kwamba marehemu mwenyewe alikuwa na maoni. Nilisimama na udongo kwenye kucha nikiwaza kwamba huu ndio ubishi ambao angeupenda kuliko yote, na angeagiza kahawa.

Maalim akashinda kwa umri. Akasoma Kiarabu, kisha akatafsiri ili na sisi tusikie: watakujia malaika wawili, wasikutishe, wakikuuliza nani Mola wako, sema Mola wangu ni Mwenyezi Mungu. Kama mwanafunzi aliyegoma kusoma mwaka mzima, anapewa majibu kwenye mlango wa chumba cha mtihani. Katika talakini maiti huitwa kwa jina la mama yake. Jina la bibi yangu nilikuwa sijalisikia likitamkwa kwa sauti zaidi ya miaka ishirini. Nilipolisikia machozi yakanitoka, na sijui kama nililia kwa imani au kwa bibi.

Je, tulimkosea? Nimelifikiria sana na nasema hapana. Mazishi yalikuwa yetu. Kwa hesabu yake mwenyewe hakuwepo pale kukasirika. Kwa hesabu yetu alikuwepo na alihitaji msaada. Ukitazama kwa upande wowote, kumsomea hakukumdhuru. Hata lugha yenyewe haina mlango wa kumtolea mtu kama yeye. Ukisema marehemu, umeshasema aliyerehemewa. Ukisema kafariki, kwa asili ya Kiarabu umesema kaachana nasi, na anayeachana na mtu ana pa kwenda. Katangulia, kaitwa, katutoka. Jaribu kutangaza msiba kwa Kiswahili cha heshima bila kumtuma maiti mahali fulani. Utabaki na "kafa", na neno hilo ukilitamka mbele ya wafiwa watakuona umelelewa porini.

Kosa lilikuwa kwenye fomu. Pale alikuwa hai, ana akili zake, kaulizwa swali na kajibu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mimi na nesi tukamzika siku nne kabla ya siku yake. Sikufungua mdomo kwa sababu niliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya kwake, ilikuwa yangu: huyu nesi atanionaje, mwenye kofia hii, nina baba wa namna hii? Kuna watu wengi wa aina yake kwenye majumba yetu, wa Kiislamu na wa Kikristo, na hawatuombi tuwafuate. Wanataka swali likiulizwa, jibu lao liandikwe.

John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na msomi kutoka Kitui, alichukua maneno yetu mawili, sasa na zamani, akayatumia kueleza kifo kwa Waafrika. Aliyekufa, kwa maelezo yake, bado yumo katika sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama katika zamani. Nadhani baba mdogo angekubali nusu ya hayo na kubishia nusu. Ahera ya namna hiyo haimdai mtu shahada. Ila ina tatizo lake, na tatizo hilo naliona nyumbani kwetu: ukibaki katika kumbukumbu za watu, unabaki vile wanavyotaka wao.

Maana shangazi yangu, dada yake mkubwa, ana habari yake. Kila hitima anaisimulia. Anasema usiku ule wa mwisho alimwona kwa macho yake mdogo wake akiinua kidole cha shahada juu, na midomo ikicheza. Arobaini ilipofika aliongeza kwamba alitabasamu. Mwaka huu, uso uling'aa.

Nilikuwemo chumbani. Alikuwa anaonyesha panga boi. Baridi ilikuwa inampiga, sauti imeshamwishia, akainua kidole kuelekea darini. Nikasimama nikapunguza mwendo wake, akashusha mkono.

Shangazi ana miaka 81 na mdogo wake alikuwa ndiye wa mwisho kumbakia. Akifika pale kwenye kidole hunigeukia mbele ya watu wote. "Si ulikuwepo, mwanangu?"

"Nilikuwepo, shangazi."