Wakitaka kuiba kumbukumbu Mwanza, wataanza na mashahidi

Filamu na riwaya za kusisimua zinazohusu uhalisia pepe, yaani ulimwengu wa kompyuta anaouona mtu akivaa miwani maalumu, na kumbukumbu zilizopotea karibu zote huanza vilevile. Mtu anaamka katika chumba asichokijua, hakumbuki jina lake, ana kovu kichwani, na mlangoni kuna watu wanaotaka kumuua. Mwishoni tunaambiwa kwamba nusu ya aliyoyapitia yalitokea ndani ya miwani ya kompyuta, na kwamba hata mke aliyemlilia hakuwahi kuzaliwa. Nazipenda hadithi hizi tangu nikiwa mtoto kwenye mabanda ya video ya Igogo, nimebanwa kwenye benchi, sauti ya mtafsiri ikifunika milio ya risasi. Ila kadiri ninavyozifuatilia ndivyo ninavyoona zimejengwa juu ya kiumbe ambaye huku kwetu ni shida kumpata: mtu asiye na watu.

Mlete Mwanza. Mwamshe alfajiri pale Mwaloni, Kirumba, katikati ya magunia ya dagaa, hana simu wala kitambulisho, hajui hata jina la baba yake. Mama wa kwanza atakayepita na beseni atamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na kwa jinsi atakavyoitikia au atakavyoshindwa kuitikia, mama yule atakuwa ameanza kukisia kama ni wa Magu, wa Sengerema au ni mtu wa kuja. Wapakiaji watamzunguka. Mmoja ataapa kwamba sura hiyo aliiona juzi kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga. Mwingine atasema masikio yale ni ya ukoo fulani wa Nansio, tena watu wa ukoo huo wote wana hasira za karibu. Muuza chai atampa kikombe kwanza, maswali baadaye. Jua likishapanda juu ya mawe ya Mabatini, jamaa atakuwa amekaa ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa, na picha yake inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kutoka Buhongwa hadi Kisesa. Kichwani mwake hamna kitu, lakini mji mzima unamkumbuka, au unatafuta anayemkumbuka.

Ndiyo maana nasema mwandishi anayetaka kumtisha msomaji wa kanda hii ana kazi ngumu zaidi ya wenzake wa kule ambako mtu huishi ghorofani miaka kumi bila kujua jina la jirani. Adui wa hadithi yake hawezi kuridhika na kichwa kimoja. Lazima awafikie mashahidi: shangazi, jirani, aliyesoma naye darasa la nne, fundi aliyemshonea sare. Hadithi ya namna hiyo ndiyo ninayoitaka, na sijaiona bado.

Sayansi ya kuiandika ipo tayari. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya magari yakigongana, kisha wakawauliza yalikuwa yakienda kwa mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, kana kwamba magari yalipondana, walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa kwa kitenzi cha upole. Baada ya wiki moja, wengi zaidi katika kundi hilo la kwanza walisema waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Kitenzi kimoja tu kiliweza kutia vioo barabarani. Sasa ongeza miwani. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Stanford, Kathryn Segovia na Jeremy Bailenson, walichapisha matokeo ya jaribio lililowaonyesha watoto, katika uhalisia pepe, picha yao wenyewe wakiogelea na nyangumi. Baadaye baadhi ya watoto hao waliamini kwamba kweli waliwahi kuogelea na nyangumi. Walijiona kwa macho yao.

Kuna jingine, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Tulizoea kudhani kumbukumbu ikishakaa imekaa. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake, wakifanya kazi na panya, walionyesha kwamba kumbukumbu ya hofu inapoamshwa hulegea kwa muda na kulazimika kujengwa upya ndipo idumu; ukiingilia wakati huo huo, unaweza kuiharibu. Maana yake ni kwamba saa ya hatari ni ile unapokumbuka, wala si ile unaposahau. Unaporudia kisa cha marehemu msibani, unapomsimulia mjukuu, unapofumba macho na kuiona sura: hapo ndipo mlango umeachwa wazi. Mhalifu wa riwaya yangu asingehitaji kumfuta mtu chochote. Angemwomba tu akumbuke, akiwa amevaa miwani.

Na Mwanza hatuna haja ya kubuni msiba wa kuanzia. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilikuwa njiani kutoka Bukoba kupitia Kemondo kuja huku. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Asubuhi, safari ikiwa inaelekea ukingoni, ilipinduka, na zaidi ya watu 800 wakafa. Chombo kilielea kichwa chini kwa muda, waliokuwa ndani wakisikika wakigonga. Waokoaji wakatoboa ubavu wake, hewa iliyokuwa imekishikilia ikatoka, kikazama. Orodha ya abiria ilikuwa na majina 443 ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha.

Msomaji wangu, sentensi hiyo ya mwisho isome tena. Mamia ya watu waliingia majini bila jina lao kuandikwa popote, na tangu siku hiyo uthibitisho pekee kwamba walipanda meli ile ni vichwa vya waliobaki bandarini wakisubiri. Humo alikufa hata Abu Ubaidah al-Banshiri, kiongozi wa pili wa al-Qaeda, aliyekuwa akiishi Afrika Mashariki kwa majina mengine, na wenzake ilibidi watume watu hadi ziwani kuhakikisha kama kweli amekufa. Ikiwa kundi kama lile lilihitaji kuja kuuliza, fikiria mkulima wa Muleba aliyekuwa akimtafuta mkewe.

Mama yangu mkubwa alimpoteza kaka yake katika meli ile. Picha yake hana. Ilikuwepo moja tu, na marehemu alisafiri nayo pochini. Alichobaki nacho ni vitu vidogo: namna alivyokuwa akimenya ndizi bila kulivunja ganda, likatoka refu kama mkanda, kovu la jembe kwenye unyayo wa kushoto, kikohozi chake cha makusudi kabla ya kuingia ndani, ili wanawake wajue mwanamume anakuja. Vitu hivyo anavisimulia vilevile kila Mei. Ila uso, anasema, umeanza kuchanganyika na wa mwanawe, ambaye kila mtu husema wamefanana. Akimfikiria kaka yake, anayekuja ni mpwa wake, akiwa amevaa shati la kaka yake.

Mwaka 2020 televisheni moja ya Korea Kusini ilionyesha mama aliyevalishwa miwani ya uhalisia pepe na glavu, akakutana na binti yake mdogo aliyefariki miaka michache nyuma. Mtoto alitembea, alizungumza, walisherehekea pamoja siku ya kuzaliwa. Mama alilia akimgusa hewani. Wako waliosema ni faraja na wako waliosema ni ukatili; mimi naona hakuna haki ya kumhukumu mama yule. Lakini watengenezaji wake walikuwa na picha na video za mtoto. Kwa mama mkubwa wangu wangekuwa na nini? Wangeunda uso wa kubuni. Wangeuchonga kutokana na uso wa mwanawe, na maelezo yake, na nyuso nyingine za Wahaya wa umri ule. Angeuona uso huo ukicheka, ukimenya ndizi. Na tangu siku hiyo hicho ndicho kingekuwa kinakuja akifumba macho.

Sasa riwaya inaanza. Kampuni ya kubuni inaweka kituo mjini, inawaalika waliopoteza ndugu ziwani waje kuwaona bila malipo. Foleni inafika barabarani. Watu wanatoka wakilia na kushukuru. Miaka miwili baadaye anajitokeza kijana kwenye Mahakama ya Mwanzo, katika shauri la mirathi ya kiwanja kilichopo Nyegezi karibu na maji, akidai kuwa ni mtoto wa abiria wa daraja la tatu. Hana cheti. Ana mashahidi kumi na wawili, wazee wa heshima, watu wa kanisani na msikitini, na wote wanamkumbuka baba yake akipanda meli, begi la bluu mkononi. Hakuna anayedanganya. Wangeweza kushika Biblia au Kurani na kuapa bila mkono kutetemeka, kwa sababu wamemwona. Wakili wa upande wa pili anawauliza maswali hadi jasho linamtoka na hapati ufa.

Ufa mimi ningeuweka hapa. Karani wa mahakama, anayeandika ushahidi kwa mkono, anagundua kwamba mashahidi wote kumi na wawili walimwona mtu yule kutoka sehemu ileile ya gati, kwa urefu uleule wa macho, mfupi na mrefu sawasawa, na bibi ambaye mwaka 1996 alikuwa akiuza karanga akiwa amekaa chini anasema alimwangalia yule bwana usoni, macho kwa macho. Tena hakuna hata mmoja anayetaja harufu. Bandari ya Bukoba jioni, mikungu ya ndizi imerundikwa, moshi wa dizeli, jasho la wapagazi, na watu kumi na wawili hawakunusa kitu!

Hili nalo si la kutunga tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipowatembeza panya katika chumba cha uhalisia pepe waliona zaidi ya nusu ya seli za hipokampasi zinazofanya kazi katika chumba halisi zimenyamaza. Hipokampasi ndiyo sehemu ya ubongo ambayo, pamoja na sehemu jirani yake, iliwapatia John O'Keefe na May-Britt na Edvard Moser Tuzo ya Nobel mwaka 2014, kwa kuonyesha namna ubongo unavyojua mwili uko wapi. Hipokampasi hiyohiyo ndiyo inayosaidia kutunza matukio ya maisha. Mahali na kumbukumbu vinalala kitanda kimoja. Mtu aliyekua kati ya mawe ya Mwanza, anayemwelekeza mgeni kwa kusema "ukifika kwenye lile jiwe lililobeba lenzake, kunja kulia," hawezi kushangazwa na hilo.

Sipigi vita miwani yenyewe. Miaka ya 1990 Barbara Rothbaum na wenzake huko Atlanta waliitumia kuwatibu askari wa Vita vya Vietnam, wakiwarudisha taratibu kwenye yale yaliyowatisha hadi woga ukapungua. Nawajua watu wa Kagera ambao tangu 1996 hawajakanyaga chombo cha majini na wanazunguka na basi usiku kucha, na ajali ya MV Nyerere pale Ukara, Septemba 2018, watu 228 wamekufa, ikawaongezea. Sasa wengine wanashukuru kupita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lakini Ukerewe na Ukara bado ni maji. Kama miwani itamsaidia mmoja wao kupanda kivuko bila kutapika kwa hofu, karibu sana. Tofauti ni kwamba mgonjwa yule anajua anatibiwa, na mganga hamwongezei mtu ambaye hakuwepo.

Nimewasikia wanaosema hadithi za kisayansi si zetu. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, alikuwa ameshawatoa wasomaji wa Kiswahili nje ya uhalisia wa kawaida mwanzoni mwa miaka ya 1990, akachanganya ndoto, kaburi na mji katika sentensi moja. Hoja hiyo siipi nafasi zaidi.

Ninachotaka ni mwandishi aje, na aje upesi, kwa sababu malighafi inazeeka. Aliyekuwa na miaka 30 bandarini mwaka 1996 sasa ana miaka sitini kasoro au imezidi. Tarehe 21 Mei huwa wanafika kwenye makaburi ya Igoma, kunawekwa mashada, na ibada ikiisha watu hukaa kidogo kabla ya kutafuta daladala. Aende wakati huo na daftari. Aanze na ndugu wa daraja la tatu. Asiwaulize marehemu alifananaje. Awaulize alikuwa akikohoaje, alimenyaje ndizi, siku ile alinukia nini, na wao walikuwa wamesimama wapi.