Nilivyomshusha bei bwana harusi

Mimi mtoto wa Tanga, vikao vya posa nimeshakaa vitatu, vyote upande wa muoaji. Kazi yetu ni moja tu: wakitaja, tulie. Basi nilipokuwa nasoma Padang, Sumatra Magharibi, huko Indonesia, rafiki niliyekaa naye chumba kimoja akanialika kwao Pariaman, kuna wageni wanakuja kuzungumzia ndoa yake. Nikajiona mzoefu.

Tukakaa mkekani. Wageni wakaingia na carano, chombo cha shaba chenye tambuu, popoo na chokaa. Uraibu wa bibi yangu huu! Kisha wajomba wawili wakaanza kujibizana kwa mafumbo, karibu saa nzima. Mjomba kwao huitwa mamak, na ndiye mwenye neno. Baba mzazi alikaa pembeni kimya kama mimi, ila yeye alijua kunyamaza.

Kiminangkabau sikijui, na Kiindonesia changu ni cha sokoni. Nilichodaka ni "sapuluah ameh". Emas kumi! Huko emas moja ni gramu 2.5, yaani gramu 25 za dhahabu. Nikamtazama rafiki yangu, ambaye jana yake alinikopa nauli. Uchungu ukanipanda. Nikatoa sentensi niliyozoea kuwatolea wauza samaki: "Mahal sekali, Pak. Boleh kurang?" Ghali mno, mzee. Haipungui?

Kimya. Mjomba wa rafiki yangu akapaliwa na tambuu. Yule wa upande wa pili akatabasamu polepole, kama mtu aliyeokota noti.

"Boleh," akasema. "Nane."

Rafiki yangu akanivuta shati. "We! Wao ndio wanaolipa!"

Kumbe Pariaman upande wa mwanamke ndio unaotoa uang japuik, fedha ya kumchukua bwana harusi, maana mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Mahari ya dini anatoa yeye, lakini siku ile haikuwa hoja. Na rafiki yangu ana jina la heshima, Sidi, ambalo humpandisha mtu thamani. Mimi nikamshusha.

Ilibidi saa nyingine ya mafumbo ili tupande hadi tisa. Mlangoni mama yake alikuwa amesimama na mwiko, ananitazama.

Siku ya harusi, mama wa bibi harusi alinirundikia rendang, nyama yao ya kupikwa kwa tui na viungo, hadi wali haukuonekana. Kwetu, upande wa bwana harusi, nilipewa shingo ya kuku.