Kusema si kutangaza

Nilikuwa nanyolewa Kondele, hapa Kisumu, redio ikatoa habari za mvulana aliyenajisiwa na jamaa yake. Mteja mmoja akacheka: "Sasa kijana wa kiume anashikwaje?" Wenzake wakamwitikia. Kinyozi akazima mashine, akaanza kuipuliza nywele, akapuliza na kupuliza, kisha akaendelea kuninyoa bila neno. Kimya kile bado kinanisumbua.

Washauri nasaha huwahimiza wanaume waliodhulumiwa utotoni waseme, na wana haki. Siri hii hutafuta pa kutokea: chang'aa, usingizi unaokatika saa nane za usiku, kushtuka mke akimgusa. Katika utafiti wa kitaifa wa 2019, asilimia 6.4 ya wanaume wa miaka 18 hadi 24 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wanawake ilikuwa 15.6, na kuumia kwa wavulana hakupunguzi kuumia kwao. Lakini wapange vijana 16 kwenye steji ya bodaboda: kwa hesabu hiyo, mmoja wao amebeba jambo hili.

Anayenyamaza naye si mwoga. Anayajua masikio ya kwao. Akisema ataambiwa ajikaze, au ataulizwa kama yeye ni shoga. Kama aliyemtenda ni msichana wa kazi, ataambiwa alibahatika, na hili ndilo huniuma kuliko yote: mtoto wa miaka tisa kupongezwa kwa jeraha. Wengine hujihukumu kwa kuwa mwili uliitika. Mwili kuitika si kukubali. Mtoto hana kukubali. Wapo pia wanaoogopa kushukiwa kwamba nao watanajisi watoto, ilhali wengi wao hawafanyi hivyo kamwe.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haibagui: inasema mtoto, wa kike au wa kiume, na anayemnajisi wa miaka 11 au chini hufungwa maisha. Miaka ikipita kesi haifi, ingawa ushahidi huchakaa, na mara nyingi wazee huwa wameshayamaliza nyumbani kwa mbuzi na maneno ya kulinda jina la ukoo.

Kwa hiyo siungi mkono kumsukuma mtu asimame kanisani au kwenye baraza asimulie yake. Kumwambia mtu mmoja asiyeshtuka, asiyeuliza "mbona hukusema mapema?", kunatosha kuanza, na huenda kukatosha kabisa. Nisipokubali kimya ni pale aliyemtenda bado analala nyumba moja na watoto. Hata hapo, halazimiki kujianika. Nambari 116 ya kuwalinda watoto hupigwa bure, na anaweza kueleza hatari iliyo mbele ya mtoto wa leo bila kufungua yake ya miaka 20 iliyopita.